Jino la Kauri la Ligoha

Mume wangu Ligoha hakuwa mchawi, hakuwa kibaraka wa Mdachi, wala hakuyaharibu maji. Naanza na hilo maana najua mtakavyonikatiza nikianza mahali pengine. Juzi tu hapa Lipangalala natoka kisimani, nasikia mtoto wa jirani anamnong'oneza mwenzake, "Yule ndiye bibi wa jino." Bibi wa jino! Mimi nilibatizwa Aurelia, na meno yangu yananitosha kumng'ata mtu. Lakini nilinyamaza, kwa sababu nyanya yake yule mtoto alikuwa mmoja wa wale wanawake waliofiwa vitani, na kwa ajili ya wale wanawake nimenyamaza miaka mingi mno. Sasa wote wamelala udongoni. Sasa nasema.

Ligoha alikuwa mvushaji wa watu pale kivukoni, kwenye mto wetu wa Kilombero, kama baba yake. Mtumbwi ulikuwa wa baba, upondo ulikuwa wa baba, lakini mluzi ulikuwa wake mwenyewe. Akishapakia watu anapiga mluzi mrefu, na wa ng'ambo wanajua mtumbwi unakuja, wanateremka na mizigo yao. Akiona viboko wamejitokeza katikati ya mto anapiga mwingine, mfupi, wa ukali, na kila mtu anatulia palepale alipo. Mimi nilikuwa msichana wa ng'ambo ya pili. Niliuvuka mto ule mara nyingi kuliko shida zangu zilivyohitaji, na mama yangu alilijua hilo kabla yangu. "Chumvi gani hiyo inayoisha kila siku?" akaniuliza. Basi nikaolewa.

Mdachi alipojenga boma lake kule juu Mahenge alitaka watu wa kumbebea mizigo hadi pwani, na askari wake hawakuwa na desturi ya kuomba. Walimkamata Ligoha kivukoni, upondo ungali mkononi, wakamtwisha mzigo wa mpira. Njiani mwenzake mmoja aliteleza kwenye kijito akaanza kuchukuliwa na maji, Ligoha akautua mzigo ili amshike. Kwa hilo tu. Askari akamtia kitako cha bunduki mdomoni. Jino la mbele la juu likakatika mshazari, nusu akaitema pamoja na damu, nusu ikabaki inaning'inia na uchungu wake. Mzigo akatwishwa tena.

Aliniambia baadaye kwamba lile pigo halikumtoa machozi. Machozi yalimtoka walipofika kambini, alipojaribu kupiga mluzi ili ajipe moyo, ukatoka upepo mtupu. Wenzake wakadhani analia maumivu.

Alifika Darisalama uso umevimba hadi jicho limefumba. Wenzake wakarudishwa, yeye akaachwa, nani atahangaika na mpagazi mgonjwa? Ndipo akachukuliwa na Mdachi mmoja, fundi wa meno, mtu mwembamba wa miwani, awe mchota maji na mchochea moto wa nyumba yake. Huyo bwana alikuwa na ujuzi mpya aliokuja nao kutoka kwao. Alijua kutengeneza kofia ya jino kwa udongo wa kauri, udongo uleule wa vikombe na sahani zao, akaivika juu ya jino lililovunjika, na mtu akaonekana hajawahi kuvunjika. Wake za wakubwa walikuwa wakimngoja awafanyie. Ila mkono wake ulikuwa bado haujazoea, na bibi gani wa Kidachi angekubali kujifunziwa mdomoni mwake? Akamtazama mchota maji wake. Mkuki kwa nguruwe, jamani!

Akamkalisha kwenye kiti cha ngozi, akamfunga mikono. Alikuwa na mashine ya kukanyaga kwa mguu, mfano wa cherehani, na mwishoni mwake kijiwe kinachozunguka. Kwa kijiwe hicho akalisaga lile jino pande zote mpaka kilichobaki kikawa kijiti. Dawa ya ganzi ilikuwepo. Ilikuwa kwenye kichupa ambacho Ligoha mwenyewe alikipangusa vumbi kila asubuhi, lakini hiyo ilikuwa imewekewa wale mabibi. "Nilisikia harufu ya jino langu likiungua," aliniambia, na kila alipofika hapo katika kusimulia alijishika taya.

Baada ya kusaga, bwana alimbana nta ya moto kwenye kile kijiti ili apate umbo lake. Akafinyanga bati jembamba kuliko ganda la kitunguu, akalivika juu ya umbo, na juu ya bati akapaka uji wa kauri kwa brashi ndogo, kidogo kidogo, kisha akauoka ndani ya tanuri dogo. Aliyevukuta mivukuto ya tanuri hilo ni Ligoha. Alijiokea jino lake mwenyewe! Kofia ya kwanza ikapasuka motoni. Nyingine ikasinyaa, ikambana ufizi hadi ukatoa usaha. Kila moja ikiharibika, anarudishwa kitini. Hatimaye moja ikakaa, na bwana akaigandisha kwa dawa ngumu kama saruji.

Wakaitwa Wadachi wengine waje waone. Waliligonga lile jino kwa kijiko, wakatega masikio. Wakampa mfupa autafune, waone kama litapasuka. Halikupasuka, wakapeana mikono wao kwa wao. Ligoha hakupewa mkono, alipewa kioo. Na hapo lazima niseme kweli, maana mimi si mtu wa kupunguza: Ligoha alifurahi. Alitoka uani, akakunja midomo, akapiga mluzi, na mluzi ukatoka mzima kama wa zamani.

Mimi niliusikia siku aliyorudi, Mdachi alipokuwa hana tena haja naye. Nilikuwa natwanga. Nilikuwa nimekwisha kumlilia, nimekwisha kumnyolea nywele za msiba, halafu nasikia mluzi mrefu kutoka mtoni. Mchi ulinitoka mkononi. Nilikimbia hadi majini na nguo zangu, nikamshika uso, nikamwambia fungua mdomo. Akafungua. Jino lilikuwa zima, linang'aa, lakini rangi yake ilikuwa ya manjano kwa mbali. Yule fundi alizoea kuchanganya rangi za meno ya kwao, meno ya watu wa tumbaku na kahawa, na ya Ligoha yalikuwa meupe peee.

"Loo!" nikamwambia. "Umekwenda mpaka pwani ukachagua jino chafu?"

Dada yake alikuwa amesimama nyuma yangu, naye alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Watu walimwita Mama Undole, kwa jina la mwanawe mkubwa. Alikuwa mjane mwenye vijana watatu wa kiume, na kwa vile mume hakuwepo, Ligoha, mjomba wao, ndiye aliyewafundisha kushika upondo. "Acha wivu, wifi," akanijibu. "Wewe unalo hata moja la kigeni?"

Tulicheka sisi. Wengine hawakucheka. Jirani yetu Mkopi alifiwa na mdogo wake kwenye safari ileile ya mizigo, na alimtazama Ligoha mdomoni kwa muda mrefu. "Wenzako wamerudi na vidonda vya mabega," alisema. "Wengine hawakurudi. Wewe umerudi na jino. Mdachi hampi mtu kitu cha bure." Neno hilo likaenea. Kwenye pombe Ligoha akikaa, mazungumzo yanahamia kwenye mvua. Mtumbwini watu walivuka kimya. Mume wangu alikuwa mtu wa watu, jamani, mtu ambaye hawezi kula peke yake. Kule kutengwa kulimla kuliko kijiwe cha Mdachi. Alikuwa hataki kitu kingine duniani ila ahesabiwe tena kuwa mwenzao, na kama angeambiwa akatwe mguu ili ahesabiwe, angeuliza mguu gani.

Kisha yakaja maji. Nanyi msinitazame hivyo. Mngekuwepo mngeyanywa. Mtu ambaye amelimishwa shamba la wengine huku lake limeota nyasi, ambaye amechapwa mbele ya mkwe wake, akiambiwa kuna dawa ya kugeuza risasi ya Mdachi kuwa maji, ataacha kunywa? Aliyeileta tulimwita hongo, mjumbe wa dawa. Alikuja kutoka upande wa mashariki na vibuyu vyake, akawakusanya wanaume, akawanyunyizia, akawapa na masharti. Aliyekwisha kupata maji asilale na mkewe wala asile chakula cha mkono wa mkewe mpaka vita viishe. Na asiwe na kitu chochote cha Mdachi mwilini, si nguo, si kifungo, si sarafu. Mmoja akivunja, maji yanaharibika kwa wote.

Zamu ya Ligoha ilipofika, Mkopi akapaza sauti. "Na huyu? Huyu ana Mdachi mdomoni!"

Hongo akamwamuru afungue mdomo. Akalitazama jino, akasema, "Na hilo litoke. La sivyo hutakuwa na sisi."

Ligoha hakungoja kuambiwa tena. Tulikwenda kwa mhunzi palepale, mimi na yeye. Mhunzi alikuwa na koleo la kushikia vyuma vidogo, akalifunga ncha kwa kitambaa, akambana. Lile jino lilikuwa limegandishwa na mtu aliyejua kazi yake. Alivuta, akapinda, akavuta, na Ligoha miguu yake inachimba mchanga, nami nimemkalia mapajani ili asiinuke. Lilipotoka lilitoka zima. Chini yake kilibaki kile kijiti, cheusi, kimeanza kuoza. Aliposhusha pumzi, upepo ulimgusa pale akapiga kelele ambayo sikuisikia tena kwake, hata alipokuwa anakufa.

Akaniwekea lile jino kiganjani. "Nishikie," akasema. "Nikirudi utanipa." Nikalifunga kwenye pindo la kaniki yangu, fundo gumu, na fundo hilo sikulifungua mpaka aliporudi. Haya ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu mawili, na mhunzi aliyaona.

Akarudi kwa hongo na damu kidevuni, Mkopi na wengi wamekwisha kutawanyika, akapewa maji. Kwa ajili ya masharti akahamia kwa dada yake, maana dada hakatazwi kumpikia ndugu yake. Wapwa zake watatu walikuwa wamekwisha kupata maji, wakakaa pamoja huko mpaka siku ya kuondoka. Mimi niliwaona kwa mbali tu walipopita, mabua ya mtama kichwani kama alivyoagiza hongo, Undole mbele na kibuyu shingoni. Ligoha alinipungia mkono mdomo ameufunga.

Ya Mahenge mnayajua. Walipanda wakaelekea boma kwa maelfu, wanaita "Maji! Maji!", na juu ya mnara kulikuwa na bombomu, ile bunduki inayomimina risasi. Ligoha alinisimulia kidogo tu. Alisema wapwa zake walikimbia mbele yake kwa kuwa miguu yao ilikuwa michanga kuliko yake. Undole alianguka, akadhani amejikwaa. Wa pili akainama kumwinua. Wa tatu akageuka kumtazama mjomba wake, kama anayeuliza jambo. Kila mara aliishia hapo, nami sikumlazimisha.

Alirudi kwa njia ya porini, peke yake. Nilimkuta ng'ambo, ndani ya matete, ameziba mdomo kwa kiganja. Kile kijiti kilikuwa kinamuua. Hewa ya asubuhi ikiingia anajikunja, maji ya kunywa yakigusa anatetemeka. "Nipe jino langu," akasema. Nikafungua fundo, nikampa. Akalivika kwa nta ya nyuki, akasubiri uchungu utulie. Vita vilikuwa vimekwisha, maji yalikuwa yamekwisha, nani angekumbuka masharti? Hivyo ndivyo tulivyodhani.

Akasema, "Lazima nikamwambie dada mwenyewe. Asisikie kwa watu."

Watu walikuwa wamejificha ukingoni mwa msitu, maana askari walikuwa njiani wakichoma nyumba na maghala. Tulimkuta Mama Undole amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Ligoha akapiga magoti mbele yake. "Dada," akasema, "watoto..." Akaachama, neno halitoki. Na kwa bahati mbaya ya bahati mbaya zote, Mkopi alikuwa palepale, amelala na risasi begani. Yeye alikwenda Mahenge na kundi jingine, hakumwona Ligoha njiani. Akamwona sasa, mdomo wazi, jua linapiga ndani.

"Jino!" Mkopi akapiga kelele. "Analo! Alikwenda nalo! Kikulacho ki nguoni mwako, nilisema mimi! Ndiyo maana maji hayakufanya kazi!"

Nilitamani ile risasi ingeingia ndani zaidi. Nimekwisha kuungama kwa padri, lakini nilitamani.

Jinsi watu walivyosimama! Wanawake waliokuwa wamelala chini tangu habari ilipofika, ambao hata uji walikuwa hawaugusi, waliinuka wote. Mmoja amepoteza mume, mwingine mume na wana. Nilisema nililoweza. Nikasema jino lilitolewa kwa mhunzi. Wakauliza mhunzi yuko wapi. Wadachi walikuwa wamekwisha kumnyonga kwa kosa la kufua mikuki. Hongo yuko wapi? Hakuna ajuaye. Walioandamana na Ligoha njiani? Wote wako kule kwenye mteremko wa boma. Nimebaki mimi, na neno la mke ni neno la mke. "Utamwacha mumeo kwenye mto wenye mamba?" mmoja akaniambia.

Wazee waliosalia wakakusanya watu ili neno likatwe. Mkopi akataka Ligoha anywe mwavi, ile sumu ya kupimia ukweli. Aliye mkweli huitapika, mwongo humuua. "Na anywe!" nikasema. "Leteni hata sasa hivi! Anywe mbele yenu, atapike miguuni penu, kisha mwombe radhi!" Nilikuwa sina hofu kabisa. Nilimwona kwa macho yangu mhunzi amelikamata lile jino. Mwavi ungemsafisha, angerudi kuwa mtu wa watu, tungekaa. Nikamgeukia Mama Undole. "Wifi, si ndugu yako alikula kwako? Si ulimwona mdomo asubuhi ile waliyoondoka? Sema, wifi! Sema tu!"

Mama Undole hakunitazama. Alisema, "Ndugu yangu hanywi mwavi. Nimezika wa kutosha bila hata kuwazika." Akainuka, akaenda akasimama mbele ya Ligoha, karibu kabisa. "Mdogo wangu," akamwambia, "nakuuliza wewe mwenyewe. Watoto wangu walikunywa maji ya kweli. Masharti waliyashika. Walikwenda na dawa ya kweli. Sivyo? Basi niambie. Lilikuwemo?"

Ligoha akamtazama dada yake. Nami nilikuwa namwomba kwa moyo, sema hapana, mwanamume wewe, neno moja tu, sema hapana. Akamtazama muda mrefu sana.

"Lilikuwemo," akasema.

Nilimrukia. Nilimpiga ngumi kifuani, nikawaita watu wanafiki, nikamwita yeye mjinga, watu wakanivuta. Nyuma yangu nilisikia wanawake wakilia, na kilio chenyewe kilikuwa tofauti na kile cha siku zote. Kilikuwa kilio cha matanga, cha mtu ambaye amekwisha kujua aliyemuulia. Mama Undole alijifunika kaniki yake usoni, akakaa chini. Wazee wakamwambia Ligoha aondoke na asirudi, asivushe mtu, asizikwe na wenzake.

Tukaenda kukaa upande wa chini wa mto, mbali na watu, kwenye kibanda cha matete. Njaa ikaja, ile njaa mliyosimuliwa, ya Mdachi kuchoma mashamba na maghala. Sisi tulikuwa na samaki wachache na mizizi ya porini, wala hapakuwa na mlango wa kubisha. Kile kijiti cha jino kikamwoza mpaka ndani ya mfupa. Taya likavimba, likapasuka chini ya kidevu, harufu yake ikajaa kibandani. Lile jino la Mdachi halikuwa na hata ufa. Alilivua mwenyewe akanipa nilishike tena.

Nilimuuliza kwa nini. Nilimuuliza nikiwa na hasira, nikamuuliza nikiwa nimechoka, na siku moja nikamuuliza huku nimempakata kichwa. Akajibu kwa shida, maana mdomo haukufunguka vizuri. "Dada ana nini kingine cha kushika? Ukimwambia maji yalikuwa maji tu, ana nini? Mimi nina wewe."

"Na mimi nitabaki na nini?" nikamuuliza. Nilimzika mwenyewe, kwa jembe la kuazima, mahali ambapo mto hufika wakati wa masika.

Miaka ikapita. Mimi na walionizunguka tukabatizwa, tukapewa majina mapya, mashamba yakalimwa tena. Mimi na Mama Undole tulikuwa tukikutana njiani, anashika upande wake nashika wangu. Wanasema mavi ya kale hayanuki. Thubutu! Yangu yalikuwa yananuka kila siku. Kisha siku moja nachambua mpunga uani, namwona anakuja na fimbo yake, amezeeka, macho yamepata ukungu. Akaketi bila kukaribishwa.

"Wifi," akasema, "nilijua."

Nikaendelea kuchambua. Punje zikawa zinamwagika nje ya ungo.

"Asubuhi ile waliyoondoka walikula uji kwangu. Watoto wakamwambia mjomba wao, tupigie mluzi wa kivukoni, tuondoke nao. Akakunja midomo, ukatoka upepo mtupu. Akajaribu tena, upepo mtupu, na uji ukamtoka kwenye pengo. Wakacheka! Undole alicheka mpaka akapaliwa. Nami nikacheka. Ndicho kicheko chao cha mwisho nilichokisikia." Akajifuta macho kwa kiganja. "Nilijua, wifi. Na nilipomuuliza mbele ya watu, yeye alijua kwamba najua. Nilimwomba, akanipa."

Nilitaka kumpiga kwa ungo. Nilikuwa na maneno niliyoyaweka miaka yote ile, na yote yalikuja pamoja yakaziba mlango. Nikamwambia moja tu. "Kaseme."

"Kwa nani?"

"Kwao wote! Uliyemnyima neno, kampe neno! Kaseme Jumapili, wote wapo, nami nitakuja na jino lenyewe."

Akasema, "Nitasema." Na alisema, sitamwibia haki yake. Baada ya misa, wale akina mama wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa kama desturi yao, Mama Undole akasimama katikati yao. Akawaambia kila kitu, uji, mluzi, pengo, bila kujificha. "Ndugu yangu hakuwa na jino," akasema. "Alikuwa safi. Nilimsingizia, akakubali kwa ajili yangu."

Mimi nilikuwa nyuma yake. Fundo la pindo nimekwisha kulifungua, jino liko kiganjani, zima, la manjano kwa mbali. Nilikuwa nangoja tu wabishe ili niwaonyeshe.

Hawakubisha. Walitazama chini. Kisha Balbina, aliyepoteza mume na wana wawili siku moja, akainua uso. Hakuwa na hasira. Aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia.

"Kama si jino, Mama Undole, ni nini basi?"

Mama Undole akaegemea fimbo yake. Akanigeukia mimi. Wote wakanigeukia, wale vikongwe wote, kila mmoja na watu wake kule juu kwenye mteremko, wakangoja nijibu. Niliwatazama mmoja mmoja. Nikamkumbuka Ligoha, ile siku alipomtazama dada yake kwa muda mrefu sana, nami nilikuwa sijui anachotazama.

Nikafumba kiganja. Nikalirudisha jino kwenye pindo, nikafunga fundo, nikamshika Mama Undole mkono.

"Twende nyumbani, wifi," nikamwambia. "Jua kali."